Doo Yako ya Uzeeni: Nani Hupanga, na Mbona Mvuvi wa Sori Hayuko Kwenye Hesabu

Najua. Uko na miaka 23, na mtu akitaja pensheni unaona mzee wa kofia amebeba faili la kaki akipiga foleni ofisini. Unataka kupita uende kwa stori za wasanii. Ngoja kidogo, hii ni yako pia.

Kama uko na kazi ya slipu, hata ile ndogo ya kuuza kwa duka la simu pale Homa Bay mjini, kuna doo inakatwa kila mwezi na pengine hujawahi kuuliza nani aliamua ikatwe, na mbona ni kiasi hicho. Kama huna slipu, yaani uko boda Rongo, uko shimoni Macalder ukitafuta dhahabu, ama uko majini usiku na taa za omena, basi jua kuna watu walikaa mezani wakapanga uzee wa Wakenya, na kwa hiyo meza hukuwekewa kiti.

Kinachoshangaza ni kwamba baadhi ya hao watu walitoka huku kwetu kando ya ziwa. Wengine bado wameshika kalamu saa hii.

Anza na Rusinga. Tom Mboya unamjua kwa sanamu ya pale Nairobi na kwa kaburi lake kisiwani. Mwaka 1962, akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Hapo ndipo ile meza ya miguu mitatu ilipata nguvu: serikali huku, mabosi pale, wafanyakazi upande wa tatu. Miaka mitatu baadaye, 1965, NSSF ikaanzishwa kwa sheria ya Bunge, ikiwa chini ya Wizara ya Kazi. Mwaka huohuo Mboya, sasa akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ndiye alisimamia ile karatasi maarufu ya serikali kuhusu ujamaa wa Kiafrika, iliyosema kusaidiana kwa familia zetu ni kitu nchi nzima inaweza kujengewa.

Wazo poa. Lakini cheki nani alikuwa kwa meza: aliyeajiri na aliyeajiriwa. Mvuvi wa Rusinga kwenyewe hakuwa mmoja wao. Hana bosi, hana chama cha wafanyakazi, na mwisho wa mwezi kwake ni tarehe kama zingine tu.

Hiyo meza iko vilevile hadi leo. Sheria ya NSSF inataja watu wa Hazina ya Taifa, wa Wizara ya Kazi, wa FKE ambao ni chama cha waajiri, na wa COTU, ile ya Francis Atwoli. Ukiona Atwoli kwa runinga amefoka kuhusu NSSF, usidhani ni kelele tu. Chama chake kina sauti ndani ya bodi. BMU ya Sori haitajwi popote.

Mtu wa pili ni wa Migori. Dalmas Otieno, mbunge wa Rongo, alikuwa Waziri wa Utumishi wa Umma kutoka 2008. Mwaka uliofuata serikali ikasongesha umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60. Kama una shangazi mwalimu ama mjomba karani, hiyo ilimwongezea miaka mitano ya mshahara. Kama ulikuwa umemaliza chuo wakati huo unasaka kazi ya serikali, basi kiti ulichokuwa unangoja kilibaki na mwenyewe. Sera ya uzeeni huguswa na kijana kwanza, omera, kabla hata mzee hajastaafu. Watu wengi hawaoni hiyo.

Ni wakati wa serikali hiyohiyo, 2012, Bunge lilipitisha sheria ya mfuko mpya wa pensheni ya watumishi wa umma. Zamani mwalimu wa serikali hakukatwa kitu ya pensheni yake, Hazina ililipa tu kutoka kwa ushuru wa mwaka. Sheria ilikaa kwa kabati hadi Januari 2021 ndiyo ikaanza kazi. Siku hizi odijo kijana wa Kuria ama Ndhiwa anakatwa asilimia 7.5 na serikali inafaa kuweka asilimia 15 juu yake. Inafaa. Hilo neno lishike, tutarudi.

Halafu kuna walio kwa mchezo sasa. Gavana Gladys Wanga wa Homa Bay, kabla ya kuwa gavana 2022, aliongoza Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa, ile kamati ambayo miswada ya ushuru na ya pensheni hupitia kwanza. Na John Mbadi, mbunge wa zamani wa Suba Kusini, ni Waziri wa Fedha tangu Agosti 2024. Mamlaka ya kusimamia pensheni zote nchini, ile RBA iliyoundwa kwa sheria ya 1997, iko chini ya wizara yake. NSSF yenyewe iko chini ya Wizara ya Kazi, lakini bila Hazina haisongi mbali. Ukitaka kujua ni mtu gani kutoka Homa Bay amekaa karibu zaidi na doo ya uzee wa Wakenya, ni huyo.

Sasa tufanye hesabu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo kalkuleta ni ya simu, lakini hii haihitaji digrii.

Kwa miaka mingi NSSF ilikuwa soo mbili zako, soo mbili za bosi. Ulipwe thao kumi ama laki mbili, ni hiyo tu. Ukifanya kazi miaka 30, hiyo ni 144,000 kabla ya faida. Yaani jasho la maisha yako yote linanunua pikipiki moja, na chenji kidogo ya mafuta.

Desemba 2013 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi sheria mpya. Badala ya soo mbili, asilimia 6 ya mshahara wako na asilimia 6 ya bosi, ikipanda ngazi kwa ngazi. Mabosi na vyama kadhaa wakakimbia kortini, wakiwemo Kenya Tea Growers Association, na sheria ikalala karibu miaka kumi. Septemba 2022 Mahakama ya Ajira ikasema haifuati Katiba, sababu moja ikiwa Seneti haikuhusishwa. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikapindua hiyo na makato yakaanza mwezi huohuo. Februari 2024 Mahakama ya Juu ikaondoa uamuzi wa Rufaa na kurudisha kesi hukohuko ikasikizwe upya. Makato yakaendelea kupanda kama kawaida. Wanasheria waligongana vichwa, slipu yako ikaendelea kupungua.

Ngazi zenyewe ni hizi. Mwaka wa kwanza, aliyelipwa vizuri alikatwa 1,080 kwa upeo. Februari 2024 ikawa 2,160. Februari 2025, 4,320. Februari 2026, 6,480. Bosi anaongeza kiasi kilekile.

Lakini wengi wetu hatuko huko juu. Chukua msichana anayelipwa 15,000 hotelini pale Mbita. Anakatwa 900, na hotelini wanaweka 900. Hiyo ni 1,800 kila mwezi, 21,600 kwa mwaka, na kwa miaka 30 ni 648,000 hata kabla faida haijaingia. Linganisha na ile 144,000 ya zamani. Kwa hivyo wasee wanaosema NSSF mpya ni wizi tu, nawaelewa, 900 kwa mtu wa 15,000 ni unga wa wiki kadhaa. Lakini ile ya soo mbili ndiyo ilikuwa mchezo mbaya zaidi, kwa sababu ilikufanya ujione uko na akiba na huna kitu.

Hiyo 900 hukatwa mara mbili, na hapa ndipo mabosi wa sekta ya kibinafsi wanaingia. Fungu la kwanza, 540, ni la NSSF lazima. Fungu la pili, 360, mwajiri anaweza kuomba RBA ruhusa ya kulipeleka kwa mfuko wa kibinafsi. Kampuni za bima, mameneja wa uwekezaji, na wazito kama CPF, ambayo kwa miaka imeongozwa na Hosea Kili, wote wanalitamani hilo fungu. Usishangae basi sera ikiandikwa na wao wako ndani ya chumba. Hawako pale kwa ubaya. Wanajua hesabu kuliko wabunge wengi. Ila wao hulipwa kwa kusimamia pesa, na mtu asiye na pesa ya kusimamiwa hana mtu wa kumtetea kwa hicho chumba.

Na pesa zenyewe si za mchezo. Kufikia mwisho wa 2024 akiba zote za pensheni Kenya zilikuwa zimepita shilingi trilioni 2. Sehemu kubwa sana imekopeshwa serikali kupitia hatifungani. Fikiria hiyo taratibu: serikali inatunga sheria ya wewe kuweka akiba, kisha inaikopa. Si haramu, na mara nyingi hatifungani ndizo zimewapa wanachama faida nzuri. Lakini anayetunga sheria na anayekopa wakiwa mtu mmoja, lazima kuwe na mtu wa tatu wa kuuliza maswali. NSSF pia imeingia kwa barabara: iliungana na China Road and Bridge Corporation kwa ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, mradi uliozinduliwa Novemba 2025, na wenye magari watalipia kupita. Yule msichana wa Mbita, bila kuulizwa, ni mwekezaji wa barabara ya Nakuru. Ikilipa, uzee wake utakuwa fiti. Isipolipa, aliyetia sahihi atakuwa ameshastaafu.

Haya, turudi ziwani.

Kenya, karibu mtu mmoja tu kati ya wanne wanaofanya kazi ndiye yuko kwa mpango wowote wa pensheni. Huku Migori na Homa Bay, ukitoa walimu, manesi, wafanyakazi wa kaunti na wachache wa benki na maduka makubwa, wengine wote wako nje. Samaki, miwa, tumbaku, dhahabu, boda, mitumba, salon. Huo ndio uchumi wenyewe.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 2011 RBA, wakati huo ikiongozwa na Edward Odundo, ilishirikiana na watu wa jua kali wakaanzisha mpango wakauita Mbao. Jina la Sheng kabisa, shilingi ishirini kwa siku, unatuma kwa simu. Mimi naona hiyo ndiyo mara moja sera ya pensheni Kenya imewahi kuongea lugha ya mtaa. Mbao kila siku ni 7,300 kwa mwaka. Ukianza ukiwa na 25 hadi 60, umeweka 255,500, na kama faida ni asilimia 8 kila mwaka unafika karibu milioni moja na robo. Bei za vitu zitakuwa zimepanda pia, usianze kuchora nyumba bado. NSSF nayo ina Haba Haba, kuanzia shilingi 25 kwa siku, unaingia kwa *303#, na baada ya miaka mitano unaweza kuchukua hadi nusu ya ulichoweka.

Mbona basi Mbao haikuwaka? Wengi walijisajili, wachache wakaendelea kuweka. Sababu ya kwanza husemwa ni kwamba vijana hawajali uzee. Mimi siamini hiyo, na ukikaa ufukweni Muhuru Bay ama Sindo hutaiamini pia.

Omena huvuliwa gizani. Taa ndizo huwavuta samaki juu, kwa hivyo mwezi ukiwa mpevu, angani kunang'aa na taa hazina kazi. Mitumbwi inakaa. Siku kadhaa kila mwezi, hakuna kitu. Halafu giza linarudi na usiku mmoja mtu anaweza kushika ya wiki nzima. Kule shimoni Nyatike ni vilevile, kavu wiki tatu, halafu mshipa wa dhahabu unaonekana na kila mtu ni sonko hadi Jumatatu. Mkulima wa miwa Awendo yeye anangoja mwaka na nusu hadi miwa ikomae, kisha anangoja tena kiwanda kilipe. Sasa mtu wa Nairobi anakuambia weka mbao kila siku, ama asilimia fulani kila mwezi. Kalenda ya mpango ni ya slipu. Kalenda ya huku ni ya mwezi wa angani na ya lori la miwa.

Ndiyo maana chama kinashinda. Chama kinajua ni lini wewe hushika doo, na mathe wa chama atakufuata hadi kwa mlango. Shida ni kwamba kila Desemba mnagawana, mnakula, mnaanza sufuri Januari. Kinalipa karo na matanga. Uzee hakiufiki.

Anayefika miaka 70 bila kitu amewekewa Inua Jamii, thao mbili kwa mwezi kutoka kwa serikali. Ni nzuri kuliko hakuna, na imesaidia nyanya wengi. Lakini fanya hesabu ya kuishi kwa shilingi 66 kwa siku, tena ikiwa imekuja kwa wakati. Tofauti yake na mahitaji halisi analipa nani? Wewe. Ile elfu mbili unayotuma nyumbani kila mwezi ukiwa Nairobi ama Kisumu ni pensheni ya mzazi wako. Ni wewe mfuko wake. Na kama huna akiba yako, mtoto wako ambaye hajazaliwa tayari ana deni.

Sasa lile neno: inafaa. Kuwa na slipu si kusema umefika. Kaunti nyingi nchini zimekata pensheni ya wafanyakazi na kuchelewa kuipeleka kwa mifuko, na deni limefika mabilioni. Sehemu nyingine ilitoka kwa mabaraza ya miji yaliyokufa 2013, kaunti zikarithi madeni pamoja na ofisi. Sheria ya 2019 ililenga kuwaweka wafanyakazi wote wa kaunti kwa mpango mmoja, na ikaja na vuta nikuvute kati ya LAPFUND na upande wa CPF kuhusu nani abaki na wanachama. Ndovu hao wakipigana, nesi wa kituo cha afya ndiye nyasi. Na pale Awendo, kiwanda cha Sony kilipokodishwa kwa kampuni ya kibinafsi Mei 2025, wafanyakazi walikuwa bado wanadai malimbikizo ya mishahara. Mtu ambaye mshahara wake wenyewe haujaingia, usimwongeleshe asilimia 6.

Kwa hivyo cha kufanya kwanza ni rahisi: angalia kama pesa yako imefika. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Omba taarifa yako ya NSSF, linganisha na slipu, mwezi kwa mwezi. Kama kuna mashimo, andika kwa maandishi, weka nakala, kisha nenda kwa ofisi ya NSSF. Ukingoja hadi ufike 60 ndiyo uulize, kampuni yenyewe inaweza kuwa imebadilisha jina mara tatu. Kwa mifuko mingine ya pensheni, kaunti ikiwemo, malalamiko huenda RBA.

Kama huna slipu, ukichagua Haba Haba ama mpango mwingine uliosajiliwa na RBA, weka kwa kalenda yako, si yao. Giza likirudi na omena zikiingia, weka ya mwezi mzima usiku huohuo kabla doo haijafika mjini. Kama chama chenu kina watu mnaoaminiana, jaribuni kukubaliana sehemu kidogo ya Desemba isiguswe.

Na kuna kazi ambayo mtu mmoja hawezi. Kila mwaka Mswada wa Fedha ukifika Bungeni, kamati ya fedha hutangaza kwamba inapokea maoni ya wananchi. Benki hutuma maoni. Kampuni za bima hutuma, COTU hutuma, FKE hutuma, kurasa nyingi zenye jedwali. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kutoka BMU ya Sori ama chama cha boda cha Rongo unakubalika vilevile, ukieleza kwamba mwezi mpevu hauna mshahara, na kuuliza ni mpango gani unaoweza kupokea pesa ya mvuvi siku anayoipata. Waziri atakayeusoma anatoka Suba. Hiyo stori ya mwezi na taa hatahitaji kuelezwa mara mbili.